Saoirse hakuzungumza

Kwa wale msionijua, kazi yangu ni kusikiliza watu wakiongea na kuandika walichosema. Basi, hakuna cha zaidi. Unatumiwa faili la sauti, unavaa hedifoni, unaandika neno kwa neno, nani kasema nini na dakika ya ngapi, unatuma, unalipwa, kesho tena. Ukiifanya muda mrefu unaanza kuyaamini masikio yako kuliko unavyoamini macho ya mtu mwingine yeyote, na hapo ndo balaa linapoanzia.

Siku hiyo nililetewa rekodi ya kikao cha mtandaoni, watu saba, Kiingereza tupu, na mteja kanipa kabisa orodha ya waliohudhuria ili nisihangaike na majina. Mteja wa hivyo ni wa kumwombea dua. Nikaanza. Dakika ya nne anaingia dada mmoja, anaongea haraka haraka, mwenyekiti anamwita Sersha. Naangalia orodha, Sersha hayupo. Narudisha nyuma, nasikiliza tena, ni Sersha kabisa, hakuna utata. Natafuta kwenye orodha chochote kinachoanza na S: kuna Simon, kuna Sarah, na kuna kitu kimeandikwa Saoirse ambacho mi nilishakisoma kichwani kwa namna tunavyosoma vitu vyetu, Sa-o-i-ri-se, mkazo kwenye ri kama kawaida, na nilishaamua huyo ni mwanaume, tena mzee. Sijui kwa nini mzee. Jina lenyewe lilinikalia kizee tu.

Nikafanya kile ambacho mtu makini anafanya. Nikaandika Sersha kila alipoongea, na mwisho wa faili nikamwekea mteja maelezo mawili. La kwanza, kuna mzungumzaji anaitwa Sersha hayumo kwenye orodha yenu, naomba mthibitishe. La pili, na hapa nilijiona kabisa nimeenda hatua ya ziada, nikaandika kwamba Saoirse yupo kwenye orodha lakini hakuzungumza.

Jibu lilikuja asubuhi yake, mstari mmoja, wala hana hasira. Hao wawili ni mtu mmoja.

Nilifunga kompyuta. Nikaifungua tena nikalisoma lile jina herufi moja moja kama mtu anayehesabu chenji. S, A, O, I, R, S, E. Sersha? Hiyo sh imetokea wapi? A na O na I zimekaa pale foleni zimefanya kazi gani, si zimekula mshahara wa bure? Halafu aibu ikaanza kuingia taratibu, maana yule dada ndo alikuwa ameongea kuliko wote kwenye kile kikao, karibu theluthi nzima ya maandishi ni yake, na mimi nimemwandikia kwa kujiamini kabisa kwamba hakuzungumza.

Nikagugo. Nilitaka kujua tu linatamkwaje ili nirekebishe faili nilale, nikaja kushtuka saa nane usiku bado niko pale.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni maana. Saoirse ni neno la Kiayalandi, lugha ya zamani ya Ayalandi yenyewe, sio kile Kiingereza chao chenye lafudhi, na maana yake ni uhuru. Uhuru! Nilikaa pale kama mtu aliyeitwa na mgeni barabarani kwa jina la utotoni. Yaani nimehangaika na zile herufi zote, nimemgeuza dada wa watu akawa mzee asiyeongea, kumbe nyuma ya mlango kuna neno ambalo nalijua tangu sijaweza kufunga kamba za viatu mwenyewe.

Na kuna utamu zaidi kwenye hilo neno. Shina lake ni saor, ambalo ni huru, ila hilo hilo saor kwa Kiayalandi ni la bei nafuu pia, kwa hiyo nguo inaweza kuwa saor na mfungwa aliyetoka akawa saor na hakuna anayechanganyikiwa. Ndugu yake mwingine ni saoire, bila ile s ya pili, hiyo ni likizo. Nakiri hapa kwamba kwenye rasimu ya masahihisho yangu nilikuwa nimeruka s moja sehemu mbili, kwa hiyo baada ya kumfanya bubu nilikuwa karibu kumtuma kwa mteja akiwa anaitwa Likizo.

Cha ajabu jina lenyewe sio la kale. Ukiliangalia unadhani limetoka kwa malkia wa miaka elfu iliyopita, mwenye nywele mpaka kiunoni na farasi mweupe, kumbe neno ndo la zamani, ila kumpa mtoto kama jina ni mambo ya juzi juzi tu. Walianza miaka ya 1920. Ayalandi walikuwa wametoka kwenye vita vya kudai uhuru kutoka Uingereza, 1919 mpaka 1921, na Desemba 1922 ikazaliwa dola iliyoitwa Saorstát Éireann, Dola Huru ya Ayalandi, iliyokaa na jina hilo mpaka 1937. Angalia hapo mwanzo wa neno, saor yuleyule. Kwa hiyo mzazi aliyemwita binti yake Saoirse enzi hizo hakuwa anatafuta jina zuri la kukaa vizuri kwenye picha, alikuwa anatoa tamko. Mtoto analia usiku, unamwita, na kila ukimwita unasema uhuru.

Na kumbuka kabla ya hapo, kwa vizazi na vizazi, majina ya Kiayalandi yalikuwa yanafika kwenye makaratasi ya serikali yakiwa yamevalishwa Kiingereza. Mtu nyumbani anaitwa Tadhg, kwenye makaratasi ni Timothy, na hayo mawili hayana undugu wowote, ni vile tu yamefananafanana mwanzoni mtu akayafunga kamba moja. Saoirse limekuja baadaye, halina pacha wa Kiingereza wa kujifichia. Ukikutana nalo umekutana nalo.

Sasa tuje kwenye zile herufi, maana hapa ndo nilipotaka hasa kufika.

Sisi tuna kiburi kimoja hatukisemi. Lugha yetu inasomwa inavyoandikwa, kwa hiyo tukiona neno la mtu limeandikwa tusivyolitegemea tunaona kama mwenyewe kakosea, au anajifanya. Mimi nilikuwa hapo hapo. Nilishaona Siobhán nikasikia mtu anasema Shivon, nimeona Niamh kumbe ni Niiv, nimeona Aoife kumbe ni Iifa, na kila mara nilikuwa natikisa kichwa nasema hawa watu waliandika majina yao gizani. Kumbe hapana bana. Kiayalandi kina sheria, tena kwa ninavyoona mimi kimenyooka kuliko Kiingereza mbali sana, ila sheria zenyewe ni za kwao, na sisi tunasoma herufi zao kwa sheria zetu halafu tunawacheka wao.

Sheria kubwa ni hii. Irabu zao wamezigawa mafungu mawili, i na e ni nyembamba, a na o na u ni pana. Konsonanti ikikaa jirani na irabu pana inatamkwa kwa namna moja, ikikaa jirani na nyembamba inatamkwa kwa namna nyingine, na s ndo inabadilika wazi wazi kuliko zote: kwa pana ni s ya kawaida, kwa nyembamba inageuka sh. Halafu kuna nusu ya pili, konsonanti zilizopo katikati ya neno lazima majirani zake wa pande zote mbili watoke fungu moja, hawataki mchanganyiko. Watoto wao wanafundishwa kwa kaulimbiu, caol le caol agus leathan le leathan, nyembamba kwa nyembamba na pana kwa pana.

Haya, rudi kwenye jina na ulichomoe polepole. S ya kwanza imekaa na a, ambayo ni pana, kwa hiyo inabaki s. S ya pili imekaa na e, nyembamba, kwa hiyo ni sh. Hiyo ndo sh niliyokuwa naitafuta saa sita za usiku, ilikuwepo muda wote mbele ya macho yangu. Na kwa kuwa upande wa kulia wa rs kuna e, basi upande wa kushoto lazima iwepo nyembamba nyingine, ndo maana kuna i pale. Ile i sio mapambo, ipo zamu. A na o kwa pamoja ni irabu moja ndefu, na e ya mwisho inasikika kama a ndogo iliyochoka. Herufi saba, na hakuna hata moja iliyokula mshahara wa bure. Niliwasingizia.

Na tukiwa wakweli hata sisi sio watakatifu. Mpe mgeni asome ng'ombe halafu umpe ngoma, umwambie hako kakoma ka juu ndo kanabadilisha kila kitu. Mpe dhahabu, mpe ghali, mpe thelathini, umwangalie anavyozitafuta zile h zote mdomoni. Wao wenyewe h nyingi za kwenye maneno yao zilikuwa nukta: zamani walikuwa wanaweka kitone juu ya b au m kuonyesha imelainika, baadaye karne iliyopita walipohamia kwenye herufi za Kirumi za kawaida kitone kikageuzwa kuwa h iliyokaa pembeni, ndo ukapata hizo bh na mh ambazo zinasomwa v, au w sehemu nyingine. Hayo majina yanayotisha yangekuwa mafupi tu kama taipu zingekuwa na vitone.

Katikati ya ulevi wangu huo mdogo wangu akaingia. Ni mjamzito, na alikuwa kwenye ile hatua ya kutafuta jina, ile ambayo mtu akikutumia ujumbe saa tano usiku ujue sio habari njema wala mbaya, ni jina. Masharti yake yalikuwa mawili, liwe na maana nzito na lisiwe na mtu mwingine yeyote. "Kaka mi nataka akiitwa darasani ageuke yeye peke yake." Nikamtumia Saoirse na maana yake. Kimya. Halafu akanitumia sauti amejirekodi akijaribu, mara kumi na moja nilihesabu, Saorise, Soarise, Saosire, mwishoni anacheka mpaka haeleweki. Nikamrekodia mimi nikimsomea kwa madaha, Sersha, mdogo wangu, Sersha, e yake imebanwa kidogo iko katikati ya e na a. Akalipenda palepale.

Akampelekea mama simu ili asome. Mama akaishika simu mbali na macho, akasogeza, akasema hii ni dawa ya nini.

Nikamwambia mdogo wangu ukweli wote, kwamba darasani atageuka peke yake, ni sawa, ila kwanza mwalimu aweze kuliita. Akanuna. Akasema mbona kuna msanii anaitwa hivyo na dunia nzima inamjua. Hapo ana hoja. Saoirse Ronan, mwigizaji, kazaliwa New York mwaka 1994 kwa wazazi wa Ayalandi na kukulia Ayalandi, na nadhani hakuna binadamu mwingine aliyetumia muda mwingi kufundisha dunia jina lake mwenyewe kama huyo dada. Kila akikaa kwenye kiti cha mahojiano swali la filamu linasubiri, kwanza jina. Huwa anawaambia ni Sersha, linaimbana na lile neno la Kiingereza inertia. Desemba 2017 alipoendesha Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Marekani, alifungua kipindi na hilo hilo jambo la jina lake, na wakati huo alishapendekezwa kwenye Oscar tangu ana miaka 13. Fikiria. Umefanya kazi zote hizo, umesimama mbele ya watu wote hao, na bado unaanza na herufi.

Lakini kumfahamu mtu na kuliweza jina lake ni vitu viwili, na kuhusu kwamba hakuna mwingine, ndo nikaanza kumpa data, maana nilishaingia mpaka kwenye majedwali ya takwimu (mke wangu aliniuliza kama nimepata kazi mpya).

Marekani wana orodha za majina ya watoto zinazorudi nyuma mpaka 1880, zinatolewa na mamlaka yao ya hifadhi ya jamii. Saoirse liliingia kwenye majina 1000 ya juu ya wasichana kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka mmoja kabla yake Ronan alikuwa ametoka na Brooklyn, filamu ya binti wa Ayalandi aliyehamia Marekani. Sisemi filamu ndo iliyofanya, watu wanaita watoto kwa sababu elfu, ila masikio ya watu yalikuwa yameshalizoea. Na ukivuka ukaenda Ayalandi kwenyewe hali ni tofauti kabisa, kule Saoirse sio adimu hata kidogo, ni jina la kawaida, akiitwa darasani wanaweza kugeuka wawili. Kwa hiyo uadimu ambao mdogo wangu alikuwa anautaka haumo ndani ya jina, upo kwenye umbali wa unaposimama.

Tena wanaotafuta majina adimu wana tabia moja mbaya, wote wanaenda kutafuta sehemu moja. Mfano ninaoupenda ni Nevaeh, lile la Marekani linalotamkwa Neveya. Ni neno lao la mbinguni, heaven, limeandikwa kinyumenyume. Mwaka 1999 walipewa watoto wa kike 8 tu nchi nzima. Mwaka 2000 mwanamuziki wa rock Sonny Sandoval wa bendi ya P.O.D. akaonekana kwenye MTV akaeleza amemwita binti yake hivyo na kwa nini. Ikifika 2005 walikuwa zaidi ya 4,400 kwa mwaka, jina la 70 kwa wasichana Marekani. Kila mmoja wa wale wazazi nina uhakika alimwambia mwenzake usiku kitandani, hili hakuna mtu analo. Na huko huko Ayalandi kuna Fiadh, linatamkwa Fia, lina maana ya pori na paa wa porini humo humo, jina ambalo wazee wao wengi hawakuwahi kusoma na mtu anayeitwa hivyo, na mwaka 2021 likawa la kwanza kwa wasichana nchi nzima.

Adimu kweli kweli halionekani hata kwenye hizo orodha. Marekani jina likipewa watoto chini ya watano kwa mwaka hawalichapishi, kulinda siri za watu, Ayalandi mpaka wafike watatu. Mdogo wangu aliposikia hivyo akauliza sasa atajuaje kama alilochagua hana mtu. Hatajua. Ndo raha yake.

Ila kuna kitu kimoja kwenye hayo majedwali kilinichoma, kwa sababu kilikuwa kosa langu mimi limevaa suti. Orodha zinahesabu herufi. Sophia na Sofia, jina moja mdomoni, kwenye jedwali ni majina mawili yana nafasi mbili tofauti. Wapo wazazi waliochoka kueleza wakaamua kumwandikia mtoto Sersha kama linavyosikika, na huyo kwenye hesabu ni mtu mwingine kabisa, hayupo fungu moja na Saoirse. Ndo kile kile nilichofanya na hedifoni zangu, nimemkata mtu mmoja nikatoa watu wawili, nikamwambia mteja mmoja hayumo na mwingine hakuongea. Halafu naona na hasara yake pia, maana huyo aliyeandikwa Sersha amepona na maswali ya maisha yake yote lakini uhuru haumo tena. Ukiichapa hivyo kwenye kamusi ya Kiayalandi hupati kitu. Umepata matamshi umepoteza neno. Mimi ningebaki na herufi zangu saba nikateseka, ila mimi sio nitakayeitwa hivyo, ni rahisi kusema.

Miezi kama miwili baadaye ikaja rekodi nyingine, mteja mwingine kabisa, na kwenye orodha nikaona Saoirse. Jamani furaha niliyokuwa nayo. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Leo mnanikuta mtu mzima. Sauti ikaanza, mwenyekiti anasema tumsikilize Siirsha. Siirsha? Nikatabasamu kwa huruma, nikasema maskini na huyu hajui. Akasema tena Siirsha, wenzake wote wanasema Siirsha, nikaona basi kikao kizima kimepotea na yule dada kwa upole wake amewaacha. Nikaandika Saoirse safi kila mahali na mwishoni nikaweka maelezo, nadhani unajua ninapoelekea, kwamba wazungumzaji wanalitamka jina la Saoirse kimakosa lakini mimi nimeliandika sahihi.

Mteja akajibu kwamba Saoirse anatokea Donegal, kaskazini magharibi mwa Ayalandi, hivyo ndivyo anavyojiita mwenyewe, na asante kwa umakini wako. Hilo la umakini nimeamua kuamini halikuwa kejeli.

Maana lile fungu la ao, niliyosema ni irabu moja ndefu, halina sauti moja Ayalandi nzima. Kaskazini na magharibi linakwenda kwenye ii, kusini kule Munster linakwenda kwenye ee, kwa hiyo jina hilo hilo kwa herufi zile zile saba mmoja ni Siirsha na mwingine ni Seersha, na hiyo Sersha fupi niliyomfundisha mdogo wangu kwa madaha ndo inayosikika sana kwa wanaoongea Kiingereza, na ndo aliyoisambaza Ronan. Yupo mwigizaji mwingine, Saoirse-Monica Jackson, yule wa tamthilia ya vichekesho Derry Girls, yeye ni wa Derry, Ayalandi Kaskazini, na anajiita Siirsha. Wawekwe meza moja na Ronan, umwite mmoja kwa jina la mwenzake, utakuwa umekosea huku umepatia. Nani atasema yupi kakosea? Kwenye jedwali la majina hao ni kitu kimoja, wamejumlishwa, hakuna aliyeuliza midomo yao.

Kwa hiyo mara ya kwanza niliamini sikio nikapuuza herufi, mara ya pili nikaamini herufi na makala niliyosoma usiku nikapuuza masikio, kazi ambayo ndo nalipwa kuifanya. Sikumbuki kama nimewahi kukosea kitu kimoja kutoka pande zote mbili kwa ustadi hivyo.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba ile Sersha yangu sio pekee. Akasema kaka wewe umeniletea jina au umeniletea mtihani. Wakati huo mama alishajizoesha, akawa analiita Saisha, kila akipiga simu anaulizia Saisha anacheza tumboni au amelala, na kwa kweli ile Saisha yake imekaa vizuri tu, inaitika, haimuumizi mtu ulimi. Mdogo wangu anasema inamkera. Nikamwambia mbona ndo safari ya majina yote, yanapita kwenye midomo ya watu yanatoka yamechakaa pembeni, akanijibu kwamba mimi sina mimba nisimletee falsafa. Mpaka naandika hapa hajaamua. Amelibakiza kwenye simu yake kwenye orodha yake mwenyewe, lipo la tatu, na la kwanza amekataa kunionyesha kwa sababu anajua nitakwenda kulichunguza.

Wiki iliyopita imekuja ya tatu. Sikuangalia orodha kwanza, nimejifunza, nikaweka hedifoni nikasikiliza. Watu wanajitambulisha mmoja mmoja, jina na kazi, haraka haraka kama watu wanaotaka kikao kiishe. Inafika zamu ya dada mmoja, anasema jina lake, Seersha, e ndefu ya kusini kabisa, na bila mtu kumuuliza, bila hata kuvuta pumzi, anaendelea: S, A, O, I, R, S, E. Kwa mwendo ule ule mtu anaotaja namba yake ya simu. Hakuna kuchoka kwenye sauti wala nini, ameshazoea, ni sehemu ya salamu yake. Nikazichapa zote saba anavyozitaja.

Mwenyekiti akasema asante, Sao, halafu akasita, halafu akasema asante sana, karibu. Kwenye kazi yetu neno lililokatikia njiani unaliandika lilipokatikia na kistari chake, hauruhusiwi kummalizia mtu. Kwa hiyo kwenye faili limekaa hivyo, Asante, Sao— asante sana, karibu. Mstari unaofuata ni wa kwake. Jina lake upande wa kushoto, herufi zote, na mbele yake nimeandika: anacheka.